MCHEZO WA ZAMANI KWA MASHINI YA SASA

Mara hii somo letu linatoka kwa disketi moja nyeusi iliyolala ndani ya kabati ya chumba cha ordinatere (ndugu wa Tanzania wanasema kompyuta), chini ya vitabu vya kale. Juu yake mtu aliandika kwa kalamu: HESABU, 1997.

Mwalimu mmoja wa siku nyingi alitueleza kama ni mchezo uliotengenezwa na mwanafunzi wa hapa hapa Buluo. Namba zinaanguka toka juu ya kioo kama mvua, 7 mara 8, 54 kugawanya kwa 6, na mchezaji anapaswa kuandika jibu mbele hazijagusa chini. Wadogo wa darasa la kwanza walijifunza kuzidisha kwa njia ile. Kopi ingine haiko. Disketi ikioza, kazi ya yule ndugu imekwisha.

Tuliazima kifaa cha kusoma disketi, kile kinachoungwa kwa USB, kwa maana ordinatere za sasa hazina tena mdomo wa disketi. Kiliunguruma, kikanyamaza, kikaunguruma tena, na sisi wote tulisimama pale kama watu wanaongoja habari ya mgonjwa. Mwishoni programu ilitoka nzima. Mbele ya kufanya kitu kingine chochote tulitoa kopi tatu. Tunawaomba nanyi mfanye vile, kwa sababu disketi ya miaka hii inaweza kusomeka mara moja tu, kisha basi.

Sasa shida ikaanza. Tuko na mashini za namna mbili. Ile ya zamani, yenye Windows XP, ilifungua mchezo, kioo kikawa cheusi, na maneno haya yakatokea: Runtime error 200. Tukaenda kwa mashini mpya, yenye Windows ya biti 64. Ile haikujaribu hata kidogo. Ilisema kwa Kifaransa kama programu hii haiwezi kutumika kwa ordinatere hii.

"Yaya, programu imekufa?" mdogo mmoja aliuliza.

"Haikufa. Njo mashini inaikataa."

Jibu lile lilikuwa la kweli kuliko vile tulivyofikiri. Programu ilikuwa sawa na siku ilipoandikwa, hakuna herufi moja iliyobadilika. Kilichobadilika ni nyumba inamoingia. Kisolo cha wazee wetu hakina shida hii: unachimba matundu kwa udongo, unaokota mbegu, unacheza, maana sheria ziko ndani ya kichwa cha watu na udongo wowote unafaa. Lakini mchezo wa ordinatere unaandikwa kwa prosesa fulani na kwa mfumo fulani, na mengine ambayo mwandishi hakuyaandika ni kwa sababu alifikiri yatakuwa vile siku zote.

Tueleze kwanza ugonjwa wa mashini mpya, kwa sababu ni mwepesi. Programu za wakati wa DOS ni za biti 16. Windows ya biti 32 iliweka ndani yake mlango mdogo kwa ajili ya wazee hawa. Windows ya biti 64 haina ule mlango. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, iko paka ya biti 64, kwa hiyo kwake usitafute.

Ugonjwa wa XP ulitupendeza zaidi. Mchezo uliandikwa kwa Turbo Pascal, na ndani ya Turbo Pascal kuna sehemu inayoitwa Crt, inayoangalia kioo, klavye na kungoja. Ili ijue kungoja kidogo ni muda gani, Crt inafanya jambo moja programu inapofunguka: inahesabu prosesa inazunguka mara ngapi katika pigo moja la saa ya mashini, maana yake milisekunde 55, kisha inagawanya ile hesabu kwa 55. Jibu linapaswa kuingia ndani ya biti 16, na biti 16 hazipiti 65 535. Kwa mashini za miaka ile jibu liliingia vizuri. Prosesa zilipopita kama megahezi 200, jibu likawa kubwa kuliko chombo chake. Prosesa inalia, na Pascal inaandika kosa namba 200, ambalo maana yake ni kugawanya kwa sifuri. Hakuna sifuri yoyote pale! Mashini ilikuwa mbio tu kuliko vile mwandishi alivyoweza kuwaza.

Wakubwa wa dunia hii nao walipata shida za namna hii. Wengi wenu mlicheza ule mpira wa chuma wa Windows XP, 3D Pinball. Haukuingia katika Windows Vista. Mwaka 2012 Raymond Chen, injinia wa Microsoft, alieleza sababu: walipoupeleka kwa biti 64, mpira ulipita ndani ya vitu kama roho, kwa kosa dogo la hesabu za desimali, na hawakuweza kulipata mle ndani ya maandiko ya watu wengine. Wakautoa.

Basi dawa. Bwana Yesu alisema juu ya divai mpya katika viriba vya kale; kwetu ni kinyume, divai ni ya kale na kiriba ni kipya. Kwa hiyo tunatengeneza kiriba cha kale ndani ya kile kipya. Iko programu inayoitwa DOSBox, iliyoanza mwaka 2002. Ni ya bure, na ni ndogo kabisa: inapita kwa telefoni bila kumaliza megabaiti zenu. Inajifanya kuwa ordinatere nzima ya zamani, pamoja na prosesa yake ya polepole, na mchezo unafikiri uko nyumbani.

Weka mchezo ndani ya dosye yenye jina fupi, lisilopita herufi 8, bila nafasi kati. Sisi tuliita MICHEZO. Fungua DOSBox, andika mount c c:/michezo na ubonyeze Enter. Kisha andika c: na Enter. Kisha jina la mchezo, kwetu ni hesabu, na Enter.

Hapa tulipoteza saa moja nzima. Tuliandika mount, kioo kikaonyesha ;ount. Tukaandika a, ikatoka q. Mmoja wetu alisema ni virusi. Haikuwa virusi. Klavye zetu ni za Kifaransa, na kwa mashini ingine DOSBox inazisoma kama za Marekani. Andika keyb fr na Enter, itanyooka. Bahati nzuri, herufi zote za keyb fr ziko mahali pamoja kwa klavye zote mbili. Sijui tungefanya nini kama zisingekuwa. Na msitafute ule mstari unaolala nyuma, tumieni / tu, inakubaliwa.

Halafu mwendo. Namba zikianguka mbio sana, shika Ctrl na F11, prosesa ya uongo inapungua nguvu. Ctrl na F12 inaongeza. Hata watu wa zamani walijua shida hii: ordinatere nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa na kidude cha Turbo, na kazi yake ya kweli ilikuwa kuishusha mashini mwendo ili michezo ya mbele yake ichezeke.

Neno juu ya michezo ya watu wengine. Mchezo kuwa mzee hakuufanyi kuwa bure, na amri ya nane haina miaka. Lakini iko ambayo wenyewe waliitoa bure: Beneath a Steel Sky ya mwaka 1994 ilitolewa mwaka 2003, na inachezeka kwa programu ingine, ScummVM. Hii ya HESABU, tunaendelea kumtafuta mwenyewe ili tumwombe ruhusa.

Mchezo uko sasa kwa mashini namba 2, kuran ikiwako. Ulipofunguka, tuliona jambo ambalo hakuna aliyetuambia: ukurasa wa washindi, na herufi mbili mbili za majina. Juu kabisa ni K.M., pointi 4 310. Anayemjua K.M. atuletee habari. Darasa la sita lote limejaribu, na mpaka leo hakuna aliyefika hata 3 000.