Usingoje Iume, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo tuongee la chumbani. Wengi mnaniuliza kuhusu damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, na wengi mmeshaambiwa na majirani kuwa hilo ni chango, mnywe mizizi litaisha. Jamani, nendeni hospitali! Damu hiyo, au ya mwanamke aliyekwisha koma hedhi, au uchafu wenye harufu kali, yaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi.

Na ukiweza, nenda kabla ya damu. Saratani hii huletwa na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa, ingawa kwa mwenye VVU asiyetibiwa yaweza kuwa 5 hadi 10. Muda wote huo huumwi popote. Kipimo chenyewe ni hivi: nesi anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, anatazama kama pana weupe. Ukionekana, mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto, ukarudi zako nyumbani.

Mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake wapatao 350,000 duniani. Kati ya kila 100, 94 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Linaniuma, maana kirusi cha London na cha Kigoma ni kilekile. Wa London hutumiwa mwaliko akapimwe. Wa kwetu wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakati ugonjwa umeshasambaa, na familia imeshauza mbuzi kwa ajili ya nauli.

Nanyi shemeji zangu mnaosoma kona hii: mkeo akisema anakwenda kupima, usianze kumhoji. Kirusi hiki chaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, kwa hiyo majibu hayamshtaki mtu. Mpe nauli, na ukiweza msindikize.

Mwenye miaka 30 hadi 50 apime hata akijiona mzima. Mwenye VVU aanze akiwa na 25. Binti wa miaka 9 hadi 14 apewe chanjo, Tanzania inatolewa bure. Wiki hii pita kituo cha afya cha karibu, uliza wanapima siku gani, kisha mchukue na dada yako mwende pamoja.