Dondoo muhimu: Mafuta ya pikapu yenye supachaja

Supachaja huishindilia injini hewa nyingi. Joto na mgandamizo vikipanda, petroli hafifu hulipuka kabla ya wakati, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka. Kwa pikapu ya V8 kule Marekani, jaza oktani 91 au 93, ile ambayo kompyuta ya injini imepangiwa, wala usishuke chini yake.

E85, mchanganyiko wa ethanoli na petroli, hupoza vizuri na hustahimili kugonga, lakini injini huinywa kwa takriban asilimia 30 zaidi. Pampu na nozeli kubwa ni lazima. Ethanoli yake hubadilika kwa msimu, asilimia 51 hadi 83, kwa hiyo funga kihisi cha kuipima.

Plagi? Za baridi zaidi, mwanya mdogo.

Fedha ikiwa haba, nunua pampu kabla ya kuongeza presha ya supachaja.