Kuchagua Viunganishio vya Waya kwa Kisanduku cha Umeme cha Darasani

Mwalimu wa Sayansi katika shule ya msingi hapa Mikese, kama wenzake wa vijiji vingine vya Morogoro, hana budi kujitengenezea baadhi ya zana zake. Mojawapo ni kisanduku cha umeme: betri ya pikipiki ya volti 12 iliyowekwa wima katika sanduku la mbao, pamoja na fyuzi na swichi. Waya ziendazo kwenye balbu yafaa ziweze kuchomolewa, ili kisanduku kifungiwe kabatini baada ya kipindi. Kiunganishio hicho cha kuchomeka na kuchomoa ni kitu kidogo, lakini usalama wa wanafunzi hukitegemea sana.

1. Kosa la kuepuka

Mwalimu asiye na uzoefu huvutwa na plagi ya pini tatu, kwa kuwa huuzwa kila duka. Asiitumie kamwe. Plagi hiyo huingia katika soketi ya ukutani yenye volti 230. Mwanafunzi aliyezoea kuichomeka darasani huku ameshika ncha za waya zilizo wazi, huenda siku moja akafanya vivyo hivyo nyumbani. Volti 12 hazimdhuru mtu mwenye mikono mikavu. Volti 230 huua. Wala mtoto huyo hatakuwa mkaidi: atakuwa amefuata alichofundishwa na zana ya mwalimu wake.

2. Masharti manne

(a) Kiunganishio kisiweze kuingia katika soketi ya ukutani.

(b) Upande wa betri uwe na matundu, na upande wa waya uwe na pini. Pini zilizo wazi upande wa betri zikiguswa na rula ya chuma, betri yaweza kutoa makumi ya ampea kwa ghafla, na waya zikashika moto.

(c) Kisiweze kuchomekwa kinyume. Balbu ya kawaida huwaka hata chanya na hasi zikibadilishana, lakini redio yaweza kuharibika.

(d) Kihimili mkondo unaopita. Balbu 4 za volti 12, kila moja ya wati 3, zikiunganishwa sambamba hutumia wati 12, yaani ampea 1. Fyuzi ya ampea 2 yatosha. Nayo ifungwe karibu na ncha chanya ya betri.

3. Kupima viunganishio

Jeki ya spika za masikioni hutimiza sharti la kwanza, lakini wakati wa kuchomekwa huweza kugusanisha chanya na hasi kwa nukta moja. Haifai. Vibanio vyenye meno vyaweza kugeuzwa na viko wazi. Vitumike kwenye balbu tu, mbele ya fyuzi. Kiunganishio cha plastiki cha nyaya za pikipiki, chenye umbo lisilokubali kugeuzwa, hutimiza masharti yote. Chaweza kutafutwa kwa mafundi pikipiki.

4. Hatua za somo

Weka mezani plagi ya pini tatu, jeki na kiunganishio cha pikipiki, bila betri. Usiwaambie wanafunzi kilicho bora. Kila kikundi kishike, kichomeke, kijaribu kugeuza, kisha kieleze kasoro iliyoonekana. Andika majibu ubaoni, ndipo masharti manne yatokane na maneno yao wenyewe. Mwisho, waonyeshe kuchomoa kwa kushika plastiki, si kwa kuvuta waya.

5. Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi

(i) Kwa nini matundu yawe upande wa betri?

(ii) Balbu zikiongezwa kufikia 10 za aina ile ile, je, fyuzi ya ampea 2 itahimili? Onyesha hesabu.

(iii) Chunguza zana moja uliyoitengeneza. Mtoto akiitumia bila wewe kuwapo, itamfundisha nini?