Kutaja Chanzo Ipasavyo: Funzo Kutoka Kongwa

Mwanafunzi wa uuguzi anaandika katika kazi yake: "Utafiti umethibitisha kuwa kunawa uso huponya vikope." Sentensi hiyo ina kasoro mbili. Haitaji ni utafiti upi, na inaupa utafiti huo maneno usiyoyasema. Ikitoka darasani na kufika zahanati, mama anaweza kurudishwa nyumbani na ushauri wa maji peke yake, ilhali macho ya mwanawe yanahitaji dawa.

Chanzo kipo, tena ni cha nyanda hizi hizi za kati. Mwaka 1995 Sheila West na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji sita vya Kongwa, mkoani Dodoma. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Vitatu kati yake viliongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto nyuso. Baada ya mwaka mmoja, vikope vikali vilipungua zaidi katika vijiji vyenye kampeni. Hivyo usafi wa uso uliyapa matibabu nguvu. Haukuchukua nafasi ya dawa.

Sentensi iliyosahihishwa husomeka hivi: "Huko Kongwa, kampeni ya kunawa uso ikiambatana na dawa ya macho ilipunguza vikope vikali (1)." Namba hiyo hufuata mtindo wa Vancouver, uliotokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba uliofanyika katika mji huo wa Kanada mwaka 1978. Mwishoni mwa kazi, rejea namba 1 huonyesha waandishi, kichwa cha makala, jina la jarida, mwaka, juzuu ya 345 na kurasa 155 hadi 158. Chanzo hicho kikitajwa tena, namba ile ile hurudiwa.

Mwandishi makini huzingatia mambo matatu. Husoma makala yenyewe kabla ya kuitaja. Hutaja chanzo hata anapotumia maneno yake, kwa kuwa wazo lina mwenyewe. Maneno anayoyachukua kama yalivyo huyafunga kwa alama za kunukuu.

Mgonjwa naye, akiambiwa "utafiti unasema", ana haki ya kuuliza: Upi? Ulifanywa na nani, na wapi? Mhudumu aliyezoea kutaja vyanzo vyake atakuwa na jibu.