Tumbo Kujaa Gesi kwa Mwanamke wa Umri wa Kati: Unafuu Upatikanao Jikoni na Dalili Zisizongoja

Wanawake wengi waliokaribia au kuvuka miaka 45 hulalamikia jambo moja: asubuhi tumbo ni la kawaida, lakini ifikapo jioni limejaa na kukaza, na gauni lililovaliwa bila tabu linabana kiunoni. Hali hiyo haina aibu, na mara nyingi si ugonjwa. Hata hivyo imekuwa soko. Stendi, madukani na kwenye simu huuzwa chai za "kusafisha tumbo" na vidonge vya "kuondoa sumu", na mwanamke wa umri huu ni miongoni mwa wanaolengwa zaidi. Katika somo hili tunaeleza kwa nini tumbo hujaa, namna ya kulituliza kwa gharama ndogo, namna ya kuipima bidhaa kabla ya kuinunua, na dalili ambazo hazipaswi kutulizwa nyumbani.

1. Kwa nini tumbo hujaa

Gesi huingia tumboni kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa tunayoimeza tunapokula kwa haraka, tunapozungumza huku tukila au tunapotafuna bigijii. Soda nayo huja na gesi yake. Ya pili ni gesi inayotengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wanapochachusha chakula ambacho hakikumeng'enywa. Maharage, kunde, kabichi na vitunguu vina aina za sukari ambazo utumbo wa binadamu hauwezi kuzivunja, hivyo huwafikia bakteria hao zikiwa nzima. Gesi ya namna hiyo ni matokeo ya kazi ya kawaida ya utumbo. Si ushahidi kwamba tumbo lina uchafu unaohitaji kusafishwa.

Kwa nini basi hali hii huzidi katika umri wa kati? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55. Miaka kadhaa kabla ya hapo, homoni za estrojeni na projesteroni hupanda na kushuka bila mpangilio, nazo huathiri mwendo wa utumbo na kiasi cha maji yanayobaki mwilini. Choo kikichelewa, bakteria hupata muda mrefu zaidi wa kuchachusha chakula.

Dawa nazo huchangia. Vidonge vya madini ya chuma na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta choo kigumu, na metformini itumiwayo na wenye kisukari huweza kuleta gesi. Mwenye kutumia dawa hizo asiziache kwa uamuzi wake. Amweleze aliyemwandikia, kwani mara nyingi kipimo au aina ya dawa huweza kubadilishwa.

2. Hatua za kuchukua nyumbani

Tunashauri hatua hizi zijaribiwe moja baada ya nyingine, kila moja kwa wiki moja au mbili. Atakayebadilisha mambo yote kwa siku moja hatajua lipi lililomsaidia.

Kula polepole. Keti, tafuna vizuri, na punguza soda na bigijii. Bigijii zisizo na sukari mara nyingi huwa na sorbitoli, ambayo yenyewe hutengeneza gesi tumboni.

Loweka maharage. Yalaze kwenye maji usiku kucha, yamwage maji hayo, yaoshe, kisha yachemshe kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Sehemu ya sukari ziletazo gesi hutoka pamoja na maji yaliyomwagwa. Magadi huharakisha kuiva, lakini huongeza sodiamu, ambayo haimfai mwenye shinikizo la damu. Hatushauri kuyaacha maharage kabisa, kwa kuwa ni chakula bora na cha bei nafuu. Anza na kiasi kidogo, kisha ongeza taratibu.

Yachunguze maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika hawana uwezo kamili wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Acha maziwa yasiyoganda kwa wiki mbili, uone. Mtindi huwa na sukari hiyo kwa kiasi pungufu, hivyo wengi huuvumilia vizuri zaidi.

Lainisha choo kwa chakula. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga na walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Papai, mchicha, na ugali wa dona badala ya sembe husaidia kufikia kiasi hicho. Ongeza kidogo kidogo, pamoja na maji ya kunywa, kwa sababu nyuzinyuzi zikiongezwa ghafla huzidisha gesi.

Punguza chumvi. Kiasi kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika viungo vya pakiti na vyakula vya kukaanga vya barabarani. Chumvi nyingi huufanya mwili uhifadhi maji.

Tembea baada ya mlo. Mwendo wa kawaida wa dakika 10 hadi 15 husaidia gesi kusogea na kutoka. Kulala mara tu baada ya kula huichelewesha.

Tumia tangawizi kwa kiasi cha jikoni. Vipande vichache vilivyochemshwa huweza kusaidia chakula kutoka mapema katika mfuko wa tumbo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kuitumia kwa wingi.

Hatua zote hizi ziambatane na daftari. Andika ulichokula, saa, na jinsi tumbo lilivyokuwa jioni na asubuhi iliyofuata. Baada ya wiki mbili utaona chakula kinachokusumbua wewe, ambacho huenda si kile kinachomsumbua jirani yako.

3. Kabla ya kununua

Chai nyingi za kupunguza tumbo huwa na sanamaki, mmea unaousukuma utumbo na kumfanya mtu aharishe. Tumbo huonekana kupungua kwa sababu choo na maji vimetoka, lakini chanzo cha gesi kinabaki palepale. Sanamaki haifai kutumiwa zaidi ya wiki moja bila ushauri wa mtaalamu wa afya. Kuharisha mfululizo huupotezea mwili maji na potasiamu, na hatari huzidi kwa anayetumia dawa za moyo au za kuongeza mkojo. Vidonge vya mkaa navyo huweza kunasa dawa nyingine ulizomeza zisifanye kazi.

Kuhusu "sumu" zinazodaiwa kuondolewa, mwili una ini na figo kwa kazi hiyo. Neno "asilia" nalo halina maana ya "salama". Sanamaki ni asilia.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye pakiti jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, tarehe ya mwisho ya matumizi na namba ya usajili. Nchini Tanzania, dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na tiba asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kwa madai ya uongo kuhusu bidhaa. Dai risiti na uitunze pamoja na pakiti, kwani ndiyo ushahidi wako utakapolalamika.

4. Dalili zisizongoja

Sehemu hii ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili. Saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai ya uzazi, huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na dalili zake za mwanzo hufanana mno na gesi ya kawaida. Mwenye nayo huweza kunywa chai ya tumbo kwa miezi akidhani anajitibu, huku ugonjwa ukiendelea.

Gesi ya kawaida huja na kuondoka: jioni tumbo limejaa, asubuhi limeshuka. Tumbo lililojaa karibu kila siku kwa wiki tatu, au lisiloshuka hata asubuhi, linahitaji kuchunguzwa. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza huwataka madaktari wampime mwanamke, hasa wa miaka 50 au zaidi, ikiwa dalili hii humpata mara kwa mara, hususan zaidi ya mara 12 kwa mwezi. Nenda kituo cha afya pia ukiona mojawapo ya haya:

- kushiba upesi au kukosa hamu ya kula;
- maumivu ya tumbo au nyonga yasiyokwisha;
- kwenda haja ndogo mara nyingi kuliko kawaida;
- kupungua uzito bila sababu;
- choo kubadilika bila sababu, au kuwa na damu;
- kutokwa damu ukeni baada ya hedhi kukoma.

Maumivu makali ya ghafla, au kutapika pamoja na kushindwa kupata choo wala kutoa hewa, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Utakapofika usiseme tu "nina gesi". Taja umri wako, hali ilipoanza, na siku ngapi kwa wiki hutokea. Onyesha daftari lako, na utaje kila dawa na chai uliyotumia. Uliza kama unahitaji kuchunguzwa nyonga na kupigwa altrasaundi. Wengi waendao hukutwa hawana ugonjwa mkubwa, na safari yao haikuwa bure. Fedha ambayo ungeitumia kwa pakiti ya pili ya chai itumie kwa nauli ya kwenda kupimwa.