Dondoo muhimu: Vitu vya bei poa vya kuacha kwenye jiokeshi

Mei 3, 2000, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, Marekani, ikiwa na vitabu, manati na kopo la maharage. Masharti: chukua kitu, acha kitu. Hivyo ndivyo ulivyoanza mchezo wa jiokeshi, wa kusaka vikasha kwa GPS, na cha kuacha hakihitaji fedha nyingi.

1. Anzia kwenye droo za nyumbani: gololi, vishikizo vya funguo, sarafu zilizobaki safarini.

2. Nunua pakiti ya vifutio au vichongeo kwa bei ya jumla, kisha gawa kimoja kimoja.

3. Pima kwanza. Kikasha kidogo kama kopo la filamu ya kamera hubeba karatasi ya kusaini tu.

4. Usiache chakula, hata pipi moja. Wanyama hunusa, hutafuna kikasha, mvua ikamalizia daftari la kusaini lililomo. Sabuni na mishumaa ya manukato ni yale yale. Maharage ya Ulmer leo yangekataliwa.

5. Visu, viberiti na dawa vibaki nyumbani, kwani watoto nao husaka.

6. Acha cha thamani sawa au zaidi. Kuchukua kigari cha kuchezea na kuacha risiti iliyokunjwa ni uchoyo tu.

7. Kibati chenye namba ya kufuatiliwa si cha kubadilishana: ukikichukua, kipeleke kwenye kikasha kingine.

Asiye na cha kuacha asichukue kitu, asaini daftari na kufunga kifuniko vizuri.