Bluetooth ya Gari Inakatakata? Usikimbilie Redio Mpya

Simu imeshika, wimbo umeanza, ukifika mataa kimya. Kabla hujamwambia fundi akufungie redio nyingine, jaribu haya. Karibu yote ni bure.

1. Futa pande zote mbili. Kuzima na kuwasha Bluetooth kunasaidia mara moja moja tu. Ondoa gari kwenye simu, kisha ondoa simu kwenye redio, ndipo uziunganishe upya. Wengi hufuta kwenye simu peke yake. Redio inabaki na kumbukumbu ya zamani, zinakataana.

2. Pekua orodha ya redio. Redio nyingi hutunza simu chache, na gari lililotoka Japani laweza kuwa bado na simu ya mwenyewe wa kwanza. Halafu kuna hili: gari limeegeshwa chini ya dirisha, unawasha, redio inadaka simu ya mama watoto aliye sebuleni. Wewe unabonyezabonyeza skrini, yeye anaita "haloo, haloo" hasikii kitu, sauti iko kwako. Futa zisizohusika.

3. Simu zinaongeleka ila muziki haupiti? Hizo ni huduma mbili tofauti. Kwenye mipangilio ya Bluetooth gusa jina la gari, uone kama sehemu ya muziki imewashwa. Redio nyingine za zamani hupokea simu tu; hapo usijichoshe.

4. Unatumia Android Auto au CarPlay bila waya? Bluetooth hapo inabisha hodi tu, mzigo unabebwa na Wi-Fi. Ukizima Wi-Fi kuokoa chaji, umejikatia mwenyewe. Zima VPN, na usiwagawie abiria intaneti kwa simu hiyohiyo.

5. Ondoa programu ya muziki kwenye mpango wa kuokoa chaji. Simu nyingi za Android huua programu skrini ikizimika.

6. Usikubali betri ya gari ichomolewe "ili redio ijirestishe". Baadhi ya redio za Toyota zilizotengenezewa soko la Japani zikikosa umeme hujifunga, zikadai kadi ya ramani au namba ya kufungulia, na maandishi yote Kijapani. Ulianza na wimbo unaokatika, sasa huna hata redio. Kama betri imechoka na lazima ibadilishwe, mwambie fundi ashikize umeme kwa betri nyingine wakati anabadili. Redio ikishajifunga, piga picha skrini. Namba ya ERC inayoonekana pale ndiyo atakayoiulizia mtu wa kuifungua.

7. Imeshindikana kabisa? Kama kuna tundu la AUX, waya wake haujui kukatika njiani. Ukinunua kidude cha FM cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, kumbuka FM ya redio nyingi za zamani za Kijapani huishia 90. Kitegeshe kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na kituo.